Faili za Vichwa Zinapogongana katika Kujenga Programu Huria

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo uko wazi, hivyo yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuujenga upya. Ndivyo ilivyopatikana Jambo OpenOffice mwaka 2004, wakati mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipoitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili. Lakini msimbo hauwi programu mpaka ujengwe, na katika ujenzi huo huhitajika maktaba zilizoandikwa na watu wengine. Hapo ndipo mgongano unapoanzia.

Maktaba ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa, kwa mfano kazi ya kufungua picha ya JPEG. Huja na vitu viwili: maktaba yenyewe, na faili ya kichwa inayoiambia kompaila majina ya kazi hizo na ukubwa wa kila muundo wa data zinaoupokea. Kwa picha za JPEG faili hiyo huitwa jpeglib.h. Watahiniwa wengi hudhani kichwa ndicho maktaba. Sivyo. Kichwa ni maelezo tu. Kazi hufanywa na maktaba.

Fikiria mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza. Mnunuzi na muuzaji wamekubaliana kwa simu sado kumi za dagaa. Mnunuzi ameleta magunia ya kutosha sado yake. Muuzaji anapima kwa sado kubwa zaidi. Jina ni moja, kipimo ni viwili, na dagaa wanamwagika chini. Programu iliyojengwa kwa kichwa cha toleo moja kisha ikatumia maktaba ya toleo jingine hufanya hivyo hivyo katika kumbukumbu ya kompyuta.

Maktaba ya JPEG ni mfano mzuri. Toleo la 6b lilitoka mwaka 1998 na hujitambulisha kwa namba 62. Toleo la 8 lilitoka mwaka 2010 na hujitambulisha kwa namba 80. Muundo wa data ulibadilika kati yao, lakini jina jpeglib.h lilibaki lile lile. Kidhibiti cha vifurushi hakiruhusu vifurushi viwili kuweka faili yenye jina moja mahali pamoja. Ukijenga toleo la 8 kwa mkono wako likaingia /usr/local, hakuna wa kukuzuia.

Sasa angalia kompaila inavyotafuta. Hupitia kwanza folda ulizozitaja kwa -I, kwa mfuatano ulioziandika, kisha folda za kawaida. Katika gcc, /usr/local/include kwa kawaida hutangulia /usr/include. Ikikuta jpeglib.h ya kwanza inaichukua na haitafuti tena. Kama linka imeelekezwa kwenye maktaba ya zamani ya mfumo, ujenzi unaweza kumalizika bila kosa lolote. Kosa huonekana programu inapoendeshwa: inasimama na kusema maktaba ni 62 ilhali mwitaji anatarajia 80. Na hiyo ni bahati, kwa kuwa maktaba hii hujikagua. Nyingi hazijikagui; huandika data pasipo pake na programu huanguka baadaye, mahali ambapo huwezi kuotea.

Katika klabu ya kompyuta niliyowahi kuisimamia, mwanafunzi aliusoma ujumbe huo akaifuta maktaba ya 62 kwa mkono. Programu ya kutazama picha ikagoma kufunguka, maana nayo iliitegemea. Tulilazimika kusakinisha kifurushi upya.

Dawa ni kuhakikisha kichwa na maktaba vinatoka toleo moja. Amri gcc -H huonyesha kichwa kilichochukuliwa kweli, na ldd huonyesha maktaba itakayotumika. Kama hulihitaji toleo jipya, tumia kichwa na maktaba ya mfumo. Ukilihitaji, lisakinishe katika folda yake, mfano /opt/jpeg8, kisha taja folda zake zote mbili, ya vichwa kwa -I na ya maktaba kwa -L, na uhakikishe programu italipata toleo hilo wakati wa kuendeshwa. Msimbo wa OpenOffice wenyewe hubeba nakala yake ya maktaba ya JPEG, na mjenzi huchagua kati ya hiyo na ile ya mfumo.

Swali la mazoezi (alama 5). Mwanafunzi amerekebisha -I na kujenga tena, lakini ujumbe wa 62 na 80 umerudi. Eleza sababu moja na hatua za kuchukua.

Jibu. Faili za kati zilizojengwa kwa kichwa cha zamani bado zipo, na make haikuzijenga upya kwa kuwa msimbo wake haukubadilika (alama 2). Aendeshe make clean (alama 1), ajenge upya (alama 1), kisha ahakiki kwa ldd (alama 1). Anayejibu „asakinishe upya mfumo mzima“ hapati kitu.