Maji meupe pee, samaki wanakufa: tatizo liko wapi?

Wadau wa Kilosa, Mikumi na kwingineko, leo tuongelee tangi la samaki la nyumbani. Siongelei kale kabakuli ka samaki wawili wa mapambo. Naongelea tangi kubwa la kioo, mita 2 urefu, sentimita 60 upana, sentimita 60 kwenda juu. Hilo linaingia lita 720, yaani maji peke yake ni kilo 720 ndani ya sebule. Mtu anaweka perege wake na kambale humo, wiki mbili za kwanza raha tupu, halafu wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Na maji ni meupe kabisa, unaona hadi ukuta wa nyuma! Hapo ndo watu wanaanza kumtafuta jirani mwenye kijicho.

Hakuna mchawi. Kinachoua hakionekani kwa macho.

Aliyewahi kuingia Hifadhi ya Mikumi ameliona lile bwawa la viboko. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, mchana anarudi kujisaidia majini. Kuna watafiti waliofuatilia habari hii kwenye Mto Mara upande wa Kenya, wenye viboko zaidi ya 4,000, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Waliona kwamba mto ukijaa ghafla, maji machafu ya kwenye mabwawa ya viboko yanasukumwa kwenda chini na oksijeni inaporomoka. Ndani ya miaka 5 samaki walikufa kwa wingi mara 9. Sasa tangi lako nalo ni bwawa la namna hiyo, ila lenyewe halina mto wa kulisafisha. Kila unachotupia kama chakula kinabaki humohumo.

Samaki anatoa amonia, sana sana kupitia matamvua yake, na chakula kinachooza kinaongeza. Amonia haina rangi. Kinachosaidia ni bakteria wanaojishikiza kwenye changarawe, kwenye kioo, na hasa kwenye sponji la filta. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia vizuri zaidi. Tangi jipya halina bakteria hawa wa kutosha, na kuwapata huchukua wiki 4 hadi 6. Ndiyo maana samaki 30 waliowekwa siku moja wanakwisha. Anza na wanne au watano wadogo, uongeze taratibu. Kama una rafiki mwenye tangi la zamani ambalo samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji lake chafu. Usicheke, ule uchafu ni mali.

Na hapa ndipo wengi wanaharibu. Jumamosi mtu anatoa kila kitu, anasugua changarawe, anasuuza sponji kwenye bomba, anajaza maji mapya. Tangi linang'aa, lakini bakteria ameshawaua wote na klorini ya bomba, kwa hiyo amerudi siku ya kwanza. Sponji lisuuzwe kwenye ndoo yenye maji yaliyotoka tangini, basi. Maji yabadilishwe robo tu kila wiki. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, na ukiweza yapulizie pampu ya hewa. Umeme nao uangalie. Ukikatika saa nyingi, bakteria ndani ya filta iliyofungwa wanakosa hewa na kufa, hivyo ukirudi usiwashe filta kabla ya kumwaga maji yaliyolala ndani yake.

Maji ya kujazia nayo yana visa vyake. Mkondoa wakati wa masika unateremsha udongo mwekundu, hayo hayafai mpaka yatulie. Wapo wanaoweka shabu ili tope lizame haraka. Kwa ndoo ya matumizi ya nyumbani sawa, kwa samaki sikushauri, maana shabu inayavuta maji kuelekea kwenye asidi. Maji ya mvua ya bati ni laini mno, hayana chumvichumvi za kuzuia asidi, na ile kazi ya bakteria yenyewe inazalisha asidi. Baada ya miezi kadhaa pH inashuka chini ya 6 na bakteria wanazubaa. Ajabu ni kwamba samaki bado wanaishi, kwa sababu kwenye maji ya asidi karibu amonia yote inakuwa katika hali isiyo na sumu kali.

Sasa anakuja mjuaji, anakwambia tia magadi. Ndugu yangu, usitie! Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, haifiki hata asilimia 1 ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikiwa 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Kijiko kimoja cha magadi kinaweza kuiamsha sumu yote iliyokuwa imelala, na asubuhi unakuta wote wanaelea. Punguza kwanza amonia kwa kubadilisha maji kidogokidogo kila siku, kwa kutumia maji ya kisima yenye chumvichumvi. pH itapanda yenyewe polepole.

Samaki wakihema juu ya maji, angalia saa. Ikiwa ni alfajiri tu na mchana wanatulia, ni oksijeni: ule ukijani unatengeneza oksijeni kukiwa na mwanga, usiku unaitumia. Joto nalo linachangia. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7 na nusu. Weka pampu ya hewa, na usilitegeshe tangi kwenye jua la dirishani. Wakihema kutwa nzima hata pampu ikiwa inafanya kazi, shuku amonia au naitraiti. Naitraiti inaharibu damu isibebe oksijeni. Badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo, acha kulisha siku mbili tatu, na weka chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita, maana chumvi inaizuia naitraiti kuingia kwenye matamvua. Vipimo vya matone unaweza kuvipata kwenye maduka ya samaki wa mapambo Dar. Ukimudu kimoja tu, nunua cha amonia.

Usimtumie kambale kama kipimo. Yule ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, anaweza kudunda kwenye maji ambayo perege wameshakata roho.

Chakula: kile wanachomaliza ndani ya dakika 3. Pumba inayobaki chini inaoza.

Na ukichoka na tangi, usiwamwage samaki Mkondoa, hasa kama ni sato uliyeletewa kutoka Ziwa Victoria. Sato anazaliana na perege wetu wa asili, na mito mingi ya nchi hii imeshavamiwa na wageni wa namna hiyo. Wape rafiki, au wakaange. Yale maji machafu unayotoa kila wiki mwagia mchicha, naitreti ni mbolea.