Uma za Kubebea Magunia Nyuma ya Trekta

Wakati wa mavuno migongo yetu huumia. Gunia la mahindi lina kilo 100 hivi. Wawili wanalinyanyua, mmoja analibeba, na kazi hiyo hurudiwa mpaka jua linatua. Huku trekta la kijiji limesimama chini ya mwembe. Plau limefunguliwa, eti kazi yake imekwisha.

Ndugu msomaji, trekta hilo linaweza kutubebea magunia. Linahitaji uma mbili za chuma, na fundi wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza. Lakini tujue jambo moja kwanza. Trekta lenye nguvu ya kuinua mzigo si lazima liweze kwenda nao salama. Tuone kwa nini.

MIKONO MITATU

Tazama nyuma ya trekta. Utaona mikono miwili chini, na mmoja juu katikati. Hapo ndipo plau hufungwa. Mikono ya chini huinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeeneza mpango huu. Trekta lake lenye mikono mitatu lilianza kuuzwa mwaka 1936. Uma zetu tutazifunga hapo hapo.

KUTENGENEZA

1. Pima kwanza. Kwenye matrekta mengi madogo, pini za chini zina unene wa milimita 22, na ya juu milimita 19. Nafasi kati ya mikono ya chini ni sentimita 68 hivi. Tundu la juu liko sentimita 46 juu ya pini za chini. Matrekta makubwa yana vipimo vingine. Kwa hiyo pima trekta lenu wenyewe.

2. Tengeneza fremu imara ya chuma yenye pini mbili chini na tundu moja juu. Pini za chini zikae juu kidogo ya uma, ili uma ziweze kufika ardhini.

3. Kata uma mbili za bomba la pembe nne, kila moja mita 1. Bomba liwe na upana wa sentimita 5, kimo cha sentimita 10, na unene wa milimita 6.

4. Chomelea uma kwenye fremu. Mshono uzunguke pande zote, usiwe wa vidoti vidoti. Kila kona itiwe bamba la pembe tatu, maana hapo ndipo chuma huvunjika.

Bomba lisimame, lisilale. Kwa nini? Chukua ubao, uulaze juu ya mawe mawili, kisha uukanyage katikati. Unapinda. Sasa usimamishe kwa ubavu wake. Haupindi kwa urahisi. Chuma nacho ni vivyo hivyo.

Magunia yapangwe juu ya chaga. Chini ya chaga iachwe nafasi ya sentimita 15 ili uma ziingie. Ghalani, chaga hiyo hiyo itayakinga magunia na unyevu.

HESABU YA UZITO

Mzigo wa nyuma hufanya kazi kama wenzo. Magurudumu ya nyuma ni egemeo. Nyuma ikilemewa, mbele inapungua uzito. Mbele ikiwa nyepesi mno, usukani haushiki. Ikizidi, trekta linanyanyuka na kumwangukia dereva.

Kanuni ni hii: magurudumu ya mbele yabaki na uzito usiopungua moja ya tano ya uzito wa trekta lote.

Tuchukue mfano. Trekta lina kilo 2,000. Mbele pana kilo 800. Kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimita 200. Katikati ya mzigo ni sentimita 150 nyuma ya ekseli ya nyuma. Magunia 4 ni kilo 400, na uma pamoja na chaga ni kilo 100. Jumla ni kilo 500.

500 mara 150, gawa kwa 200 = 375.

Basi mbele pamepungua kilo 375. Zimebaki 425. Moja ya tano ya 2,000 ni 400. Tuko salama, lakini kidogo tu.

Haya, ongeza gunia moja. Mzigo ni kilo 600. Mbele panapungua kilo 450, zinabaki 350. Hapo ni hatari. Gunia moja tu limeharibu hesabu! Na huenda pampu ikaliinua bila shida, dereva akadhani mambo ni mazuri.

Uzito wa trekta na mwisho wa mzigo wake vimeandikwa kwenye kitabu chake. Hata hesabu ikikubali, usipite mwisho huo.

TUSIFANYE HAYA

Tusipande mlima mkali na mzigo nyuma. Tuzunguke kwa njia ya tambarare, au tupunguze magunia.

Tusiinue mzigo juu wakati wa kwenda. Sentimita 30 kutoka ardhini zinatosha.

Tusimpakie mtu juu ya uma, hata mtoto akilia. Na mtu asiingie chini ya uma zilizoinuliwa. Bomba la mafuta likipasuka, mzigo huanguka mara moja.

Siku ya kwanza tujaribu kwa gunia moja, kisha mawili. Baada ya kila safari tukague mishono. Tukiona ufa, kazi isimame mpaka fundi aje.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini bomba la uma lisimame?

2. Katika mfano wetu, tukibeba magunia 3, magurudumu ya mbele yatabaki na kilo ngapi?

3. Hapa kijijini, ni njia zipi trekta lisipite likiwa na mzigo nyuma?