Magamba Mawili, Spishi Moja

Maji yakipwa, mawe ya pwani huonekana yamefunikwa na utando wa kahawia unaoteleza. Sehemu kubwa ya utando huo ni diatomu, yaani mwani wa seli moja ambao kila seli yake hujijengea ukuta wa silika. Inakadiriwa kwamba diatomu za baharini na za maji baridi hufanya takriban sehemu moja ya tano ya usanisinuru wote duniani. Spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 12,000, na wataalamu wengi wanaamini kwamba ambazo hazijaelezwa ni nyingi zaidi.

Visiwa vya tropiki vina fungu kubwa katika hizo zisizojulikana, wala si kwa sababu ni vigumu kuvifikia. Vitabu vingi vya kutambulia diatomu viliandikwa Ulaya, kwa diatomu za Ulaya. Aliyekuta seli ngeni kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi alipekua kurasa akitafuta mchoro unaokaribiana nayo, akaazima jina lake. Ndiyo maana orodha nyingi za zamani hutuambia kwamba visiwa vyetu vina spishi zilezile za pwani ya Ujerumani au Uingereza. Huenda nyingine ni kweli; kuna diatomu zilizoenea mno. Lakini jina la kuazima likishachapishwa, anayefuata hulinakili bila kulihoji.

Mwaka 2008 Catherine Riaux-Gobin wa Ufaransa na Pierre Compère wa Ubelgiji walieleza diatomu mpya za jenasi Cocconeis kutoka mchanga wa matumbawe wa kisiwa cha Réunion. Mojawapo ni Cocconeis mascarenica, iliyopewa jina la visiwa vya Mascarene: Réunion, Morisi na Rodrigues. Jenasi hiyo ni mtihani hata kwa mzoefu.

Ukuta wa diatomu una magamba mawili, moja likilivaa jingine kama mfuniko na kopo lake. Katika diatomu nyingi magamba hayo hufanana. Katika Cocconeis, gamba linalolalia chembe ya mchanga lina mpasuo mwembamba katikati, uitwao rafe. La juu halina, na mara nyingi hata vitundu vyake vimepangwa kwa namna nyingine kabisa. Sasa, ili vitundu vionekane, sampuli huchemshwa kwa asidi au haidrojeni peroksaidi mpaka utomvu na vyote vilivyokuwa hai viishe, ibaki silika tupu. Dawa hiyohiyo huyatenganisha magamba. Mtaalamu hujikuta na slaidi yenye mamia ya magamba yaliyotawanyika, na spishi kadhaa zikiwa zimechanganyika humo. Lipi ni la lipi? Asiye makini ataifanya spishi moja kuwa mbili, au atayaozesha magamba yasiyojuana. Dawa ni kuzisaka seli chache zilizosalia nzima, au zilizovunjika upande mmoja kiasi kwamba hadubini ya elektroni inaonyesha gamba la pili kupitia ufa. Kazi hiyo inachosha macho, na mimi makala isiyoonyesha magamba yote mawili ya spishi mpya ya Cocconeis huwa siiamini.

Ukubwa nao hudanganya. Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi gamba moja la mzazi na kujijengea la pili, dogo, kwa ndani. Basi aliyerithi lile dogo huwa mdogo kuliko mzazi. MacDonald na Pfitzer, kila mmoja kivyake, waliligundua jambo hili mwaka 1869. Vizazi vikipita, diatomu husinyaa, na umbo refu laweza kuwa karibu la mviringo, hadi uzazi wa kijinsia uirudishe kwenye ukubwa wake wa awali. Kwa hiyo seli moja nzuri haitoshi; hupimwa nyingi, kubwa hadi ndogo. Kinachoaminika zaidi kuliko urefu ni msongamano wa mistari ya vitundu, unaohesabiwa katika kila mikromita 10, kwa kuwa haubadiliki sana seli inaposinyaa.

Vinasaba husaidia, ila vinahitaji seli ambazo hazijapita kwenye asidi, hivyo sampuli hugawanywa mapema. Sheria za majina zimelegea kidogo: hadi mwisho wa mwaka 2011 maelezo ya mwani mpya yalipaswa kuwa kwa Kilatini; tangu Januari 2012 Kiingereza kinakubalika. Bado lazima kiteuliwe kielelezo kimoja, kwa kawaida slaidi au gamba lililowekewa alama juu yake, na itajwe hifadhi kinamotunzwa.

Jina la mascarenica halisemi kwamba diatomu hiyo haipatikani kwingine. Linasema ilikotoka ilipoelezwa. Kwa mwambao wa Tanzania tunayo kazi ya Niels Foged wa Denmaki, iliyochapishwa mwaka 1975, kuhusu diatomu za pwani hiyo. Atakayechota mchanga wa Pemba leo atapaswa kuilinganisha Cocconeis yake na ya Réunion, gamba kwa gamba, kabla hajaifungua orodha yoyote ya Ulaya.