Kuisikiliza Elektroni: Mbinu Mpya ya Kupima Mnururisho wa Beta

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Lakini vipo vitu visivyofikiwa na macho, navyo hutambulika kwa kusikilizwa. Elektroni ya mnururisho wa beta ni mojawapo.

Katika mnururisho huo, nyutroni iliyomo ndani ya kiini cha atomu hugeuka kuwa protoni, kisha elektroni na chembe ya jamii ya nyutrino huchopoka. Nishati hugawanywa baina yao. Hata elektroni ichukue fungu kubwa kabisa, kinachokosekana hudokeza uzito wa nyutrino, ambao haujajulikana bado.

Mwaka wa 2009, Benjamin Monreal na Joseph Formaggio walipendekeza kwamba elektroni inaswe katika uga wa sumaku. Humo huzunguka mara zipatazo bilioni 26 kwa sekunde, ikitoa mawimbi hafifu ya redio. Kadiri nishati inavyozidi, ndivyo mizunguko inavyopungua. Basi kuihesabu mizunguko ndiko kuipima nishati, bila kuizuia elektroni.

Mradi wa Project 8 uliinasa elektroni moja kwa njia hii mwaka wa 2014, katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Mwaka wa 2023, ukitumia tritiamu, ulionyesha kuwa uzito wa nyutrino hauzidi elektronivolti 155. KATRIN ya Ujerumani, yenye chujio la kipenyo cha mita 10, ilifikia 0.45 mwaka wa 2025. Pengo ni kubwa. Hata hivyo, chujio hilo ni vigumu kulipanua zaidi, ilhali usikilizaji ndio kwanza unachipuka. Mwanzo wa ngoma ni lele.