Ndege ni Wetu, Elimu Yao Nayo Iwe Yetu

Kila mwaka huja Tanzania wageni ambao safari yao huwashangaza wenyeji wengi. Hawaji kumtafuta simba wala tembo. Hukaa garini saa nzima mbele ya kichaka kimoja, kamera mkononi, wakimngojea kidege kisichojaa kiganja. Kidege kikijitokeza hupigwa picha nyingi kwa dakika moja, kisha mgeni humgeukia dereva wake na kumwuliza: “Huyu ni nani?”

Swali hilo si dogo. Katika kazi ya kupiga picha za ndege wa porini, kamera ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni jina. Picha isiyo na jina, mahali wala tarehe ni pambo la ukutani tu. Picha yenye hayo matatu ni ushahidi. Na yule awezaye kulitaja jina hilo papo hapo, bila kubahatisha, ni mtu mwenye elimu, naye astahili heshima na ujira wa mtu mwenye elimu.

Zaidi ya aina 1,100 za ndege zimepata kuonekana katika nchi yetu. Je, mtu atawezaje kuwatambua wote hao?

Wako wadhanio kwamba ndege hujulikana kwa rangi yake. Rangi hudanganya. Jua la machweo humfanya mweupe aonekane mwekundu. Kinda la tai halifanani na wazazi wake kwa miaka kadhaa. Mnana dume, ambaye huvaa manjano ya kupendeza wakati wa kujenga viota, akiisha msimu huo hufifia akawa kama shomoro. Kwa hiyo mjuzi hutazama umbo kwanza: mdomo, miguu, mkia. Kisha hutazama mwendo wake na mahali alipo, na mwisho husikiliza sauti.

Tuchukue mfano wa heroe, ambao wengi huwaita flamingo. Ziko aina mbili katika maziwa yetu ya magadi, na kwa mbali zote ni wingu moja la waridi. Lakini heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo, ambaye Ziwa Natron ndilo mahali pake pakuu pa kutagia katika Afrika Mashariki, ana mdomo wa wekundu uliokoza hata hukaribia weusi. Picha inayouonyesha mdomo humaliza ubishi. Lakini wako videge wadogo wa nyasini, wa rangi ya udongo, waitwao sistikola, ambao hata picha safi haiwatenganishi. Hao hutambuliwa zaidi kwa sauti, na kamera haina masikio.

Upigaji picha wenyewe una kanuni zake. Saa njema ni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tatu, na tena baada ya saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni mwa mpigaji. Gari huzimwa moto, kwa maana mtikisiko wa injini huharibu picha. Lenzi ndefu, ya milimita 400 au zaidi, huegemezwa dirishani juu ya mfuko uliojazwa maharage au mchele. Ndege arukaye huhitaji kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, au zaidi. Mwenye busara hupiga kwanza picha ya haraka ya kumtambulisha ndege, kisha huitafuta ile ya uzuri. Naye hutaka ubavu, mgongo na mabawa yaliyokunjuliwa. Halafu huandika, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi elimu hii ni ya nani? Tukiyafungua majina ya kitaalamu na ya Kiingereza twakuta tumbusi wa Rüppell, kasuku mdogo wa Fischer, na ndege wa Usambara mwenye jina la Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi Amani katika miaka ya 1930. Hatuwanyimi sifa yao. Walitazama na wakaandika. Lakini haina maana kwamba wenyeji hawakuwa na macho.

Kisa cha kwale wa Udzungwa chatufundisha hilo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini katika misitu ya milima hiyo, waliona ndani ya sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemjua. Waliufuata mkasa huo mpaka wakamwona ndege akiwa hai, na mwaka 1994 wakamtangaza kwa ulimwengu kuwa ni aina mpya kabisa, yenye udugu na kwale wa Asia. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini aliyemtia sufuriani alikuwa amekwisha kumjua, tena kwa ladha yake! Alichokosa ni daftari na mtu wa kumwuliza.

Leo mambo yamebadilika. Chuo cha Mweka kimefundisha wahifadhi wa Afrika tangu mwaka 1963, na madereva wetu wengi huitofautisha sauti ya shore na ya chozi wakiwa wangali usingizini. Hata hivyo wapo waajiri wanaonunua tairi la akiba kwa kila gari, lakini darubini na kitabu cha ndege humwachia dereva avitafute kwa mshahara wake. Hiyo si haki, wala si biashara njema. Darubini ya mwongozaji ni chombo cha kazi kama usukani ulivyo.

Na jambo lenyewe si la watalii peke yao. Tumbusi wetu wanakwisha. Wafugaji waliopoteza ng'ombe hutia sumu katika mzoga ili kumwua simba. Majangili hutia sumu ili tumbusi wasizunguke angani na kufichua uhalifu wao. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell waliwekwa katika daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka duniani. Ni nani atakayejua kwanza kwamba mti uliokuwa na viota sasa ni mtupu? Si mgeni wa siku saba. Ni dereva na askari wa hifadhi wapitao njia ile ile msimu hata msimu. Picha zao za simu, zikiandikwa tarehe na mahali, zaweza kupelekwa katika Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo tangu miaka ya 1980 imekusanya kumbukumbu za namna hiyo.

Mwenye elimu hana budi pia kuwa na sauti. Mgeni akitaka tawi likatwe ili kiota kionekane, au sauti ya ndege ipigwe tena na tena ili aje, mwongozaji aweze kusema, “Hapana, bwana, ndege huyu ana makinda,” na mwajiri wake asimame naye.

Mwisho, tusiyaache majina yetu. Kwezi, hondohondo, mumbi, karani tamba: hayo ni maneno yaliyotokana na kutazama. Ndege wengi bado hawana jina katika Kiswahili, ingawa wanalo katika Kihehe, Kisukuma au Kimaasai. Walimu, wazee na vijana wenye simu wayakusanye. Mgeni atauliza tena kesho, “Huyu ni nani?” Yafaa jibu litoke kwetu.