Sura ya Sita: Mbuzi Watatu, Miaka Mitatu

Kuna imani ngumu kung'oka huku Ukambani, kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, kwamba mgeni akishaoa au kuolewa na Mkenya, jioni hiyohiyo amekuwa nusu Mkenya, na kilichobaki ni kwenda Nairobi kuchukua kitambulisho. Wazazi huiamini wanapompokea mkwe kutoka Ujerumani. Mkwe naye huiamini, kwa kuwa kwao amesikia hadithi nyingi za watu waliopata makaratasi kwa njia ya ndoa. Lakini siku ya harusi sheria ya Kenya haimpi mgeni hadhi yoyote ya uhamiaji. Inampa tarehe ya kuanzia kuhesabu.

Hesabu zenyewe ni mbili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, katika kifungu cha 37, inamweka mtu aliyedumu katika ndoa na raia kwa angalau miaka 3 miongoni mwa wanaoweza kuomba ukaazi wa kudumu. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 15, inasema kwamba aliyedumu katika ndoa na raia kwa angalau miaka 7 ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Tazama kinachohesabiwa: ni umri wa ndoa. Mtu anaweza kuwa amekaa Kitui miaka 6 akichimba visima kwa kibali cha kazi cha shirika fulani, kisha akaoa mwaka jana. Kwa njia ya ndoa ana mwaka 1 tu. Miaka yake ya kibali ina mlango wake tofauti, unaodai miaka 7 ya vibali na 3 ya mwisho ya kukaa mfululizo, nao hatutaugusa hapa.

Basi swali zito ni hili: ndoa imeanza lini, na nani atalithibitisha hilo mbele ya karani asiyekujua? Kungekuwa na harusi ya aina moja tu nchini, tungelimaliza kwa sentensi moja. Ukambani zipo za aina nyingi, na mara nyingi watu wawili hao hao hufunga zaidi ya moja.

Tuanze na mgeni mwenyewe. Tuseme ni Mjerumani aliyekuja kumtembelea rafiki yake wa kike pale Wote, na hakuwa na nia yoyote ya kuoa. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza. Msafiri huomba idhini kwa mtandao kabla ya kupanda ndege, na akifika hugongewa muhuri wa kukaa hadi siku 90, ambazo zinaweza kuongezwa akiomba kabla hazijaisha. Wiki ya pili wapenzi wanaamua kuoana. Je, mtu aliyeingia kwa matembezi anaruhusiwa? Ndiyo. Sheria ya Ndoa ya 2014 haimkatazi mgeni. Inataka notisi ya siku zisizopungua 21 kwa ndoa ya kiserikali, na Msajili wa Ndoa atataka kuona hati kutoka nchi ya mgeni inayoonyesha kwamba hana kizuizi cha ndoa, na kama aliwahi kuoa, hukumu ya talaka iliyokamilika. Wanandoa wengi hukwama kwenye hati hiyo, na hawakwami kwa ubaya wa Kenya. Mtu anayekwenda likizo hubeba kaptura na dawa ya mbu. Habebi ushahidi kwamba hana mke. Kuitafuta hati hiyo ukiwa Makueni, huku ofisi inayoitoa iko Stuttgart, kunaweza kula nusu ya siku 90.

Wakishaoana, muhuri wa matembezi hauzai muhuri mwingine wenyewe. Raia ndiye anayemwombea mwenzake pasi ya mtegemezi, kwa mtandao wa huduma za wageni wa Idara ya Uhamiaji, akiambatanisha cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho chake na pasipoti ya mwenzake. Faili husomwa Nyayo House, Nairobi. Pasi hiyo humruhusu mume kukaa, na haimruhusu kufanya kazi ya mshahara; akitaka kuajiriwa, kibali cha kazi ni ombi jingine kabisa. Jambo hili huwachoma sana wanaume waliozoea kulisha nyumba, na nimeona likiharibu amani ya ndoa kuliko ukame. Anayekaa zaidi ya siku 90 anapaswa pia kujisajili kama mgeni na kupewa kadi. Miaka 3 nayo imeanza kusogea tangu siku ya ndoa.

Au inaonekana kuanza. Maana mara nyingi familia ya Kikamba ilikuwa imeshamwoza binti kabla Msajili hajafungua daftari lake.

Kwa Wakamba, ndoa husimama juu ya ntheo: mbuzi, kwa kawaida watatu, wanaopelekwa nyumbani kwa akina msichana na kupokewa na wazee wake. Mahari kamili, yaani ngasya, inaweza kuendelea kulipwa hadi wajukuu wazaliwe. Hilo halimsumbui mtu. Lakini pasipo ntheo wazee husema hakuna ndoa, na pakiwepo ntheo husema ipo, hata kama hakuna pete wala picha. Mwanasheria Eugene Cotran aliliandika hilo katika kitabu chake cha sheria za kimila za ndoa za Kenya kilichotoka 1968, na tangu hapo majaji wamelirudia katika kesi nyingi za urithi kutoka Machakos, Makueni na Kitui. Mke anayedai shamba la marehemu huulizwa: mbuzi wa ntheo walipelekwa? Lini? Nani aliwapokea?

Je, mgeni anaweza kuoa kwa ntheo? Sheria ya 2014 inasema ndoa ya kimila hufungwa kwa kufuata mila za jamii ya mmoja wa wanandoa au za wote wawili. Basi mila ya upande mmoja inatosha, na Mjerumani wetu anaweza kuwa mkwe kamili pale Wote kwa mbuzi wake. Tena sheria hiyo imemrahisishia: pale mahari inapohitajika ili kuthibitisha ndoa, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Ugumu uko kwa Mjerumani wa kike anayeolewa na Mkamba. Mbuzi wake watapelekwa boma gani? Wazazi wake wako kwenye ghorofa ya nne. Wazee wana namna zao za kulitatua, na ni za kufurahisha kuzitazama, lakini siwezi kumshauri mtu aziwekee msingi faili la uhamiaji. Huyo na aende kwa Msajili.

Ntheo inaweza basi kuwa ndoa halali kisheria. Kasoro yake ni kwamba haina karatasi. Sheria ya 2014 iliwataka waliooana kimila wamjulishe Msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika na kuomba cheti ndani ya miezi 6, na kanuni za kufanya usajili huo zilianza kutumika 2017. Wengi hawajulishi. Hukaa miaka miwili, kisha mkwe anapotaka kushughulikia pasi wanafunga ndoa ya kiserikali ili kupata cheti cha haraka. Cheti hicho kina tarehe ya siku hiyo. Ile miaka miwili ya nyuma, iliyotambuliwa na ukoo, kanisa na jirani aliyekula nyama, haionekani popote katika faili. Wangalisajili ntheo yenyewe, hati ingebeba tarehe ya ntheo. Hiyo ni miaka 2 kati ya 3 iliyotupwa kwa sababu ya fomu, na kwa mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi, miaka 2 si midogo.

Kuna ntheo nyingine iliyo hatari zaidi: ile ya zamani, ambayo hakuna aliyemtajia mgeni. Mwanamume wa Kibwezi alipeleka mbuzi kwa watu fulani miaka 8 iliyopita. Wakaachana bila talaka ya kimila wala ya mahakama, mwanamke akarudi kwao, maisha yakaendelea. Sasa anamwoa mgeni mbele ya Msajili na kujiandika kuwa hajawahi kuoa, na huenda anaamini hivyo kwa dhati, maana hajawahi kushika cheti. Ndoa ya kiserikali ni ya mke mmoja. Ikithibitika kwamba siku hiyo ndoa ya kwanza ilikuwa bado hai, ya pili ni batili tangu mwanzo, na kila kitu kilichojengwa juu yake, pasi na ukaazi wa kudumu, kinabaki bila nguzo. Mgeni hana hatia yoyote, na bado ndiye anayepoteza. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa Msajili, mgeni amwendee mama mkwe au mzee wa ukoo na kuuliza waziwazi kama kuna mbuzi waliowahi kupelekwa mahali. Karani wa Nairobi hana daftari la mbuzi. Wazee wanalo kichwani.

Wapo pia wasiofunga ndoa yoyote, wanaoanza kukaa pamoja tu, na baada ya miaka kadhaa hudhani mahakama itawahesabu kuwa mume na mke. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi uliobana sana mlango huo: kuchukuliwa kuwa mmeoana kwa sababu mmekaa pamoja ni jambo la nadra, na anayedai ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi, ukiwemo kwamba wote wawili walikuwa huru kuoa na walikusudia kuoana. Ikiwa hata kwa shamba ni vigumu hivyo, kwa pasi usithubutu.

Wanaume wanaolalamika kuhusu miaka 3 wangefaa kujua hali ilivyokuwa kabla ya Agosti 2010. Chini ya katiba ya uhuru, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Mwanamume mgeni aliyeoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Binti wa Mutomo aliyeolewa na mgeni hakuweza kumpa mumewe chochote, na mtoto wao akizaliwa ng'ambo, uraia wa mama haukumfuata. Katiba mpya ilisawazisha yote mawili.

Ukaguzi wa ukweli wa ndoa nao upo. Kwa uraia, kifungu cha 11 cha sheria ya 2011 kinataka ndoa iwe haikufungwa kwa ajili ya kujipatia hadhi ya uhamiaji, na wanandoa wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba. Raia akihamia Qatar kwa mkataba wa kazi na mwenzake akabaki Kitui, hilo la mwisho linahitaji maelezo yaliyoshiba. Aliyewahi kufungwa miaka 3 au zaidi, au kuamriwa kuondoka nchini, naye hapiti.

Kwa sababu vijana wa huku nao husafiri, neno fupi kuhusu Marekani, ambako mambo yamegeuzwa. Binti wa Mwingi akiingia huko kihalali kwa viza ya matembezi na kuolewa na raia, anaweza kuomba ukaazi bila kutoka nchini na bila kungoja miaka. Kungoja kunakuja baadaye: ndoa ikiwa haijafika miaka 2 siku anapopewa, kadi yake ni ya masharti ya miaka 2, kisha anaweza kuhojiwa upya. Akioa au kuolewa ndani ya siku 90 za kuingia, maafisa wanaweza kushuku kwamba alidanganya alipoomba viza ya matembezi. Na jambo linaloliza watu: akitoka Marekani kabla ombi halijaamuliwa, bila kibali cha safari alichopewa mapema, ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Mzazi akifa Kyuso wakati huo, mazishi hutazamwa kwenye simu. Anayetuma ndugu zake wapeleke ntheo huku yeye akiwa Dallas ajue pia kwamba uhamiaji wa Marekani hauitambui ndoa iliyofungwa bila wote wawili kuwa pamoja, mpaka wakutane na kuishi kama mume na mke baada yake.

Turudi Wote. Miaka 3 imetimia, na ombi la ukaazi wa kudumu limekubaliwa. Mume sasa anakaa na kufanya kazi bila kibali. Je, asubiri 7 awe raia? Inategemea kwao ni wapi. Ujerumani inaruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, kwa hiyo hapotezi kitu. Mke Mtanzania ana hesabu nyingine: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na akiuchukua wa Kenya anauacha wake. Kwake ukaazi wa kudumu unaweza kuwa mahali pazuri pa kusimama maisha yote.

Isipokuwa kwa ardhi. Mkaazi wa kudumu bado si raia, na ibara ya 65 ya Katiba humruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa ya umiliki wa daima, sheria huisoma kama ya miaka 99. Shamba la kilimo ni gumu zaidi, kwa kuwa bodi ya udhibiti wa ardhi hairuhusiwi kuidhinisha auziwe asiye raia. Mume anayetoa akiba yake kununua shamba la maembe karibu na Wote kwa jina la mkewe anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipa, na mkewe pia, kwa sababu wakikosana jina lililo kwenye hati ni moja, na njia ya mume ya kudai ni kuithibitishia mahakama alichochangia. Wakili wa pale mjini atamshauri aweke kila risiti, kuanzia ya miche.