Wanja, Galena na Risasi: Jina na Uainishaji wa Madini

Galena ndiyo chanzo kikuu cha metali ya risasi duniani. Fomula yake ni PbS: kila atomu moja ya risasi imeungana na atomu moja ya salfa. Kwa uzito, risasi ni asilimia 86.6 na salfa ni asilimia 13.4. Fuwele zake za kijivu hung'aa, na zikigongwa hupasuka kuwa michemraba midogo. Katika Afrika Mashariki, galena ilichimbwa Mpanda, Tanzania, katika miaka ya 1950.

Wataalamu hawayaainishi madini ya namna hii kwa rangi wala kwa metali iliyomo, bali kwa anioni, yaani sehemu yenye chaji hasi iliyoungana na metali hiyo. Kwa kigezo hicho, galena ni salfidi, anglesiti (PbSO₄) ni salfati, na serusiti (PbCO₃) ni kabonati, ingawa zote tatu hutoa risasi. Utaratibu huu si mgeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Mzizi -tu ni mmoja katika mtu, kitu na utu, lakini kiambishi ndicho kinachoyatenga maneno hayo katika ngeli mbalimbali. Risasi ni mfano wa mzizi. Anioni ni mfano wa kiambishi.

Lugha ya kila siku, kwa upande wake, huainisha kwa matumizi. Wanja ni unga mweusi wa kupaka macho, uwe umetokana na masizi au na mawe yaliyosagwa. Wanja wa manga, jina linaloelekeza Uarabuni, umetafsiriwa katika kamusi kadhaa kuwa ni antimoni. Stibiniti (Sb₂S₃), chanzo kikuu cha antimoni, nayo ni salfidi ya kijivu. Ikisagwa pamoja na galena, si rahisi kwa jicho kuzitofautisha. Hata hivyo, uchambuzi wa kikemia wa sampuli za wanja kutoka Uarabuni, zikiwemo za Oman, umeonyesha kuwa katika nyingi kati yake kiambato kikuu ni galena.

Suala hili si la istilahi pekee. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto aliyepakwa wanja hujifuta macho, kisha hutia vidole mdomoni. Kamusi inayotaja antimoni peke yake humnyima mzazi onyo.

Hivyo basi, kidahizo wanja hakina budi kufasiriwa kwanza kwa matumizi yake, kisha kwa viambato vinavyoweza kuwamo, risasi ikiwa mojawapo. Aidha, kwa kuwa wasemaji wengi wanaposikia risasi hufikiria bunduki, fasili hiyo iseme wazi kuwa inayokusudiwa ni metali yenye sumu.